Mfupa Uliogeuka Jiwe: La Kufanya Ukiukuta

Mwongozo huu ni wa mkulima, mfugaji, mchimba kokoto, fundi wa barabara, mwalimu anayetembeza wanafunzi porini, na yeyote ambaye riziki yake humpitisha kwenye udongo uliokatika. Wasomi wa mifupa ya kale wana vitabu vyao. Lakini ukisoma kumbukumbu za kazi yao utaona kwamba mengi ya makubwa yaliyopatikana Afrika Mashariki yaliokolewa na macho ya watu wa kawaida. Kamoya Kimeu alichunga mifugo utotoni, akaajiriwa kama kibarua wa kuchimba pale Olduvai mwaka 1960, na mwaka 1984 ndiye aliyeona kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, Turkana, kilichofungua njia ya kupata mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Fuvu mashuhuri namba 1470 la Koobi Fora liligunduliwa na Bernard Ngeneo mwaka 1972. Na zile nyayo zaidi ya 400 za watu wa kale pale Engare Sero, karibu na Ol Doinyo Lengai, mkazi wa hapo ndiye aliyeziona kabla ya profesa yeyote.

Kwa hiyo wewe ni mtu wa kwanza katika mlolongo, na utakachofanya katika saa ya kwanza ndicho kitakachoamua kama mfupa ule utatoa habari au utabaki pambo la kabati.

KWA NINI UUACHE ULIPO

Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe wa zamani iliyohifadhiwa ndani ya mwamba: mfupa, jino, ganda, jani, yai, unyayo, hata mavi. Ili mfupa udumu mamilioni ya miaka lazima ufukiwe upesi, kwa tope la mto, mchanga wa ziwa au jivu la volkeno, kabla fisi, jua na mvua havijaumaliza. Kisha maji yapitayo ardhini huleta madini, nayo hujaza vitundu vya mfupa kidogo kidogo.

Hapo ndipo penye siri yote. Mfupa wenyewe, mara nyingi, hausemi una umri gani. Umri husomwa kwenye tabaka la udongo lililoufunika na lile lililo chini yake, hasa kama lina jivu la volkeno, maana jivu linaweza kupimwa maabara. Vilevile tabaka ndilo linaloeleza kama hapo palikuwa kinamasi, mbuga au kingo za mto. Ukiung'oa mfupa ukaupeleka nyumbani, habari hizo zote zinabaki shimoni.

Mifano miwili inatosha. Mwaka 1932 pale Kanam, kusini mwa Ghuba ya Winam nchini Kenya, Juma Gitau, mfanyakazi wa mtafiti Louis Leakey, alipata kipande cha taya la binadamu. Leakey alitangaza kuwa ni la kale mno. Alikuwa amepigilia vigingi vya chuma kuonyesha mahali. Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell alisafiri kutoka Uingereza kuja kuhakikisha, akakuta vigingi havipo: wenyeji walikuwa wamevichukua kwa matumizi yao, na nani atawalaumu, chuma ni chuma. Picha nazo zikawa na mkanganyiko wa mahali. Hakuna aliyeweza kumwonyesha Boswell ni wapi hasa taya lilitoka. Aliandika hivyo hadharani, na taya la Kanam likapoteza uzito wake mbele ya wasomi.

Mfano wa pili ni wa Kabwe, Zambia. Mwaka 1921 wachimba madini walipata fuvu la mtu wa kale ndani ya kilima chenye risasi na zinki. Kazi ya mgodi iliendelea mpaka kilima kikaisha. Bila tabaka la kurejea, wataalamu walibishana kuhusu umri wa fuvu hilo kwa karibu karne nzima, wengine wakilikadiria miaka 500,000, mpaka mwaka 2020 vipimo vipya vilipoonyesha takriban miaka 299,000. Fuvu lenyewe liko London hadi leo.

MAHALI PA KUTEGEMEA

Visukuku hupatikana kwenye miamba ya mashapo, yaani ile iliyotokana na tope, mchanga au jivu lililotua na kugandamana kwa tabaka. Ukiona ukingo wa korongo au mkato wa barabara wenye mistari ya rangi tofauti, fungua macho. Mawe makubwa ya Mwanza yanapendeza, lakini ni itale iliyopoa kutoka kwenye uji wa moto. Usipoteze siku kutafuta mifupa ndani yake.

Kwa Tanzania, maeneo yenye historia ni haya: bonde la Ruhuhu upande wa Ludewa na Songea, lenye wanyama waliotangulia dinosaria na wengine waliokuwa jamaa zao wa mwanzo, Tendaguru mkoani Lindi, lenye dinosaria wa miaka milioni 150 hivi iliyopita, bonde la Rukwa na Songwe, ambako mwaka 2019 alitangazwa Mnyamawamtuka, dinosaria wa shingo ndefu, halafu Olduvai, Laetoli na Peninj upande wa kaskazini. Kenya ina Turkana, Rusinga, vilima vya Tugen na mwambao wa Ziwa Victoria. Uganda ina Napak na Moroto huko Karamoja. Orodha hii isikufunge, kwani kisima au msingi wa choo unaweza kukata tabaka ambalo hakuna mtu amewahi kuliona.

Neno kwa watu wa pwani: mawe ya matumbawe yaliyojengea nyumba za zamani za Zanzibar na Mombasa yamejaa makombe na matumbawe yaliyogeuka jiwe. Hivyo navyo ni visukuku, tena vizuri sana kuwaonyesha watoto. Huna haja ya kupigia makumbusho simu kwa kila tofali.

NI MFUPA AU NI JIWE TU?

Watu wengi huanzia hapa, na wengi hukosea. Fuata mpangilio huu bila kuvunja wala kusugua chochote.

1. Tazama mahali palipovunjika. Mfupa una tabaka gumu nje na matundu mengi ndani, kama ya mkate wa kumimina. Matundu hayo yanaweza kuwa yamejaa madini ya rangi nyingine, lakini mpangilio wake hubaki. Jiwe la kawaida ni lile lile nje na ndani, au lina chembe za mchanga zinazoonekana.

2. Tafuta umbo lenye kazi: kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja, tundu la uti wa mgongo katikati ya pingili, safu ya mashimo ya meno kwenye taya. Jiwe linaweza kufanana na kichwa cha mnyama ukiliangalia upande mmoja. Ligeukie upande wa pili uone kama mfanano bado upo.

3. Angalia meno kwa makini. Jino ndiyo sehemu ngumu kuliko zote mwilini, ndiyo maana huonekana zaidi. Gamba lake hung'aa hata baada ya mamilioni ya miaka. Gego la tembo wa kale lina mabamba mengi yaliyosimama sambamba. La deinotheriamu, yule jamaa wa tembo mwenye pembe zilizopindia chini kutoka taya la chini, lina matuta mawili au matatu tu.

4. Pima uzito kwa kulinganisha, kama tu kipande kimeshadondoka chenyewe na kimelala juu ya ardhi. Mfupa wa ng'ombe aliyekufa mwaka jana ni mwepesi na mara nyingi mweupe. Mfupa uliojaa madini ni mzito na baridi mkononi, wenye rangi ya kahawia, nyeusi, kijivu au nyekundu kufuatana na udongo.

5. Tazama jirani. Kipande kimoja huwa na wenzake. Ukikuta vipande vitatu au vinne vya rangi moja vikishuka mteremkoni, inua macho: vinatoka juu, mahali maji yanapokata ukingo.

Vinavyodanganya sana ni vinundu vya chokaa vinavyojitengeneza ardhini vikachukua umbo la yai au kifundo, mirija ya mizizi iliyoganda chokaa, na michoro myeusi ya madini ya manganizi inayofanana na majani ya jimbi juu ya jiwe. Usione haya kuuliza hata kama unashuku ni kimojawapo. Mtaalamu hupoteza dakika moja kusema hapana.

> TAHADHARI YA AFYA NA YA SHERIA
>
> Watu wa kazi hii wana mazoea ya kugusisha ulimi kwenye kipande, kwa kuwa mfupa wenye vitundu hunata. Usiige. Mfupa unaodhani ni wa kale unaweza kuwa wa mnyama aliyekufa kwa kimeta, na vijidudu vya kimeta hukaa ardhini miaka mingi.
>
> Ukiona mifupa inayofanana na ya binadamu nayo ni myepesi, ina nywele, nguo, shanga au kamba, simama hapo hapo. Linaweza kuwa kaburi, na linaweza kuwa jambo la polisi. Mjulishe mwenyekiti wa kijiji au chifu na polisi, usifukue zaidi.

HATUA ZA SAA YA KWANZA

1. Simamisha kazi kwenye sehemu hiyo. Kama ni shimo la msingi, hamia kona nyingine. Kama kuna tingatinga, mwambie dereva azime na asigeuze hapo.

2. Kumbuka ulichokwisha kukigusa. Kama jembe limeshang'oa kipande, usikirudishe shimoni kwa kukisukuma, wala usikiunge. Kiweke pembeni, upande kilikotoka, juu ya mfuko au kipande cha gunia, na uweke alama shimoni kilipokuwa.

3. Piga picha kabla ya kusafisha. Picha ya kwanza iwe ya mbali, ionyeshe mti, nyumba, kilima au daraja ambalo mtu mwingine atalitambua. Ya pili ionyeshe ukingo mzima wa korongo au shimo, na mistari ya tabaka zake. Ya tatu iwe ya karibu, ikiwa na kitu cha kupimia: rula ndiyo bora, kalamu au kiberiti vinafaa. Ya nne ipigwe kutoka juu. Piga kwa mwanga wa asubuhi au jioni ukiweza, maana jua la saa sita hufuta vivuli na umbo halionekani.

4. Pata nukta za ramani. Fungua programu ya ramani kwenye simu, bonyeza pale ulipo mpaka alama itokee, kisha nakili tarakimu zote kwenye daftari. Hapa wengi hujikwaa: picha inayotumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hupoteza taarifa za mahali ilipopigwa. Andika nukta hizo kwa maneno ndani ya ujumbe, au itume picha kama waraka.

5. Chora. Hata kama mkono wako si wa mchoraji, chora ukingo, tabaka ngapi unaziona, kila moja ina rangi gani, na mfupa uko kwenye ipi. Andika kina chake kutoka usawa wa ardhi. Mchoro mbaya wenye vipimo una faida kuliko picha nzuri isiyo navyo.

6. Weka alama za aina mbili. Moja hapo karibu, hatua tatu hivi pembeni: rundo la mawe, si kigingi cha chuma wala kitambaa kizuri ambacho mtoto atakichukua. Ya pili iwe ya maneno: "hatua 40 kutoka mbuyu kuelekea kisima". Leakey alitegemea vigingi na picha. Viliposhindwa vyote viwili, hakubaki na kitu.

7. Kinga. Kama mvua inakaribia au ng'ombe hupita hapo, funika kwa turubai au gunia, kisha mchanga juu yake. Mchanga uwe umechekechwa.

Hilo la kuchekecha nitalieleza zaidi, kwa sababu lilikaribia kugharimu hazina kubwa. Nyayo za Laetoli, zilizoachwa na viumbe wenye kutembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita juu ya jivu bichi, ziligunduliwa mwaka 1978 na timu ya mtafiti Mary Leakey. Baada ya kuchunguzwa, mwaka 1979 zilifunikwa kwa udongo na mawe ili zisiharibike. Udongo ule ulikuwa na mbegu za migunga. Mbegu zikaota, miti ikakua, mizizi ikaanza kupenya kuelekea kwenye nyayo. Katikati ya miaka ya 1990 ilibidi Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania ishirikiane na Taasisi ya Getty ya Marekani kufukua upya, kuondoa mizizi mmoja mmoja, na kufunika tena kwa mpangilio salama. Kwa hiyo chekecha, na usitumie udongo mweusi wa shambani.

KAMA LAZIMA UUHAMISHE

Zipo nyakati chache ambapo kuacha ni kupoteza: mto unakata ukingo usiku huu, au barabara inapita kesho na mkandarasi hasikii. Hata hapo, jaribu kwanza kupata ruhusa kwa simu. Ukikosa mtu kabisa, na mfupa tayari umelegea, fanya hivi.

Chimba kando kando ukiuacha mfupa juu ya kiti cha udongo wake. Usimenye udongo unaoushika. Huo ndio gundi yake, tena una mbegu, konokono na chembe ambazo mtaalamu atazitaka. Funga karatasi laini au majani makavu, zungushia kitambaa, kisha fito pande zote na ufunge kwa kamba. Wafanyakazi wa Tendaguru, kati ya 1909 na 1913, walifunga mifupa kwa mianzi iliyopasuliwa, wapagazi wakaibeba kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafiri hivyo. Andika kwenye karatasi mbili tarehe, mahali, kina, jina lako, na upande upi ulikuwa juu. Moja weka ndani, nyingine nje. Beba juu ya ubao, usikamate ncha za mfupa.

> MAKOSA YANAYOJIRUDIA
>
> ☐ Kuosha kwa maji. Udongo wa mfinyanzi ulio ndani ya nyufa huvimba, na mfupa hupasuka vipande.
>
> ☐ Kuunga kwa gundi kali ya dukani. Haitoki tena, na huharibu vipimo.
>
> ☐ Kupaka vanishi, rangi au mafuta ili "ung'ae".
>
> ☐ Kuchokoa jiwe lililoshika mfupa kwa bisibisi au nyundo.
>
> ☐ Kuchukua kipande kikubwa na kuacha vidogo. Vidogo ndivyo vinavyounganisha.
>
> ☐ Kugawana: mmoja jino, mwingine taya. Kila kipande kinapokwenda nyumba yake, mnyama mzima anatoweka.
>
> ☐ Kutangaza mahali hasa mtandaoni kabla ya taarifa rasmi. Watakaofika wa kwanza hawatakuwa watafiti.

NYAYO ZINA MASHARTI YAKE

Mfupa hueleza mnyama alikuwaje. Unyayo hueleza alichokuwa akifanya. Jivu la Laetoli lilihifadhi hata vishimo vya matone ya mvua, pamoja na nyayo za wanyama wa aina nyingi waliopita hapo. Ukiona vishimo kwenye mwamba wa jivu au tope lililoganda, tafuta kujirudia: kushoto, kulia, kwa umbali unaolingana. Kishimo kimoja pekee mara nyingi ni kazi ya maji.

Usikanyage ndani kujipima mguu, jambo ambalo kila mtu hutamani. Usimwage jasi kutengeneza kigezo, usimwage maji, usichore kwa chaki kando yake. Piga picha jua likiwa chini, pima umbali kutoka unyayo mmoja hadi mwingine, na ondokeni kwa njia mliyoingilia. Nyayo haziwezi kuhamishwa na mtu asiye na ujuzi, hata kwa nia njema.

NANI WA KUMWAMBIA

Anza na serikali ya kijiji, kwa sababu mbili: unapata shahidi wa tarehe, na ulinzi wa mahali. Mtendaji wa kijiji au kata aandike, na uombe nakala. Kisha afisa utamaduni wa wilaya. Juu yake ni Idara ya Mambo ya Kale iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Unaweza pia kwenda Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, au Makumbusho ya Elimu Viumbe, Arusha. Kwa Kenya ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi au tawi lake lililo karibu, ukipitia kwa chifu. Kwa Uganda, makumbusho yaliyoko Kampala.

Ujumbe wako uwe mfupi na kamili. Unaweza kunakili huu:

> Mimi ni ______, mkulima wa kijiji cha ______, kata ya ______, wilaya ya ______. Tarehe ______ nikichimba ______ nilikuta kitu kinachofanana na mfupa uliogeuka jiwe. Bado kipo mahali pake / kimehamishwa na kimehifadhiwa ______. Urefu wake ni sentimita ______. Kina kutoka juu ni ______. Nukta za ramani ni ______. Nimeambatisha picha nne. Hatari iliyopo: mvua / ujenzi / mifugo. Taarifa imepokelewa na mtendaji wa kijiji tarehe ______. Simu yangu ni ______.

SHERIA, NA YULE MNUNUZI

Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake. Hairuhusu kuchimbua mabaki haya bila leseni wala kuyatoa nje ya nchi bila kibali, na inamtaka mgunduzi atoe taarifa. Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006, inayompa mgunduzi siku 7 kutoa taarifa.

Mnunuzi atakuja kabla ya sheria kufika. Atakuambia ni jiwe tu la mapambo, na papo hapo atataka kujua lilitoka wapi. Hilo la pili ndilo likupe jibu. Usimwonyeshe mahali, usimpe kipande cha "sampuli", na mtaje kwenye taarifa yako.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni kama shamba litachukuliwa. Usikubali kujibiwa kwa mdomo tu. Uliza kwa maandishi, kupitia serikali ya kijiji, kazi itachukua eneo gani, kwa muda gani, mazao yatakayoharibika yatafidiwaje, na vijana wa hapo wataajiriwa au la. Ni haki yako kuuliza, na ni rahisi zaidi kuuliza kabla ya mahema kusimamishwa.

WATAALAMU WAKIFIKA

Watakuuliza maswali yanayoonekana madogo. Wajibu ulichokiona, si unachodhani wanataka kusikia. Kama kipande kimoja ulikiokota juu ya ardhi na si ndani ya ukingo, sema hivyo. Tofauti hiyo inaweza kuwa ya mamilioni ya miaka.

Usishangae wakiupita mfupa mkubwa na kupiga magoti kuchekecha mchanga kutafuta meno ya panya na nguruwe. Kule Koobi Fora tabaka la jivu liitwalo KBS lilipimwa mwanzoni kuwa na umri wa takriban miaka milioni 2.6. Meno ya nguruwe yaliyopatikana chini ya jivu hilo yalifanana na ya nguruwe wa bonde la Omo, Ethiopia, ambao umri wao ulijulikana kuwa mdogo zaidi. Wapimaji wakarudi maabara, na leo tabaka hilo linajulikana kuwa na miaka milioni 1.88 hivi. Kwa hiyo hata umri wa fuvu 1470, lililotoka chini ya jivu lile, ulishuka kwa sababu ya magego ya nguruwe. Ndiyo maana nilisema usiache vidogo.

Waombe wakueleze wanachokisoma. Gego refu lenye gamba lililokunjamana husema mnyama alitafuna nyasi ngumu. Fupi lenye vifundo husema majani laini na matunda. Kipande chembamba cha mfupa kikikatwa na kutazamwa kwa hadubini huonyesha kasi ya kukua. Nyasasaurus, aliyepatikana bonde la Ruhuhu miaka ya 1930, anajulikana kwa mfupa mmoja wa mkono na pingili chache tu. Hata hivyo, muundo wa ndani wa mfupa ule ulionyesha ukuaji wa haraka, moja ya sababu za watafiti kupendekeza mwaka 2013 kwamba huenda ndiye dinosaria wa zamani kuliko wote wanaojulikana, mwenye miaka milioni 243 hivi.

Kabla hawajaondoka, pata mambo matatu kwa maandishi: namba watakayokipa kisukuku, jina la makumbusho kitakakohifadhiwa, na jinsi jina lako na la kijiji yatakavyoandikwa kwenye kumbukumbu. Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji wa Tendaguru, tunamfahamu leo kwa sababu jina lake liliandikwa. Mamia waliochimba na kubeba yule dinosaria wa Tendaguru anayesimama Berlin kwa urefu wa mita 13.27 hatuwajui.

KAMA KIMYA KIMEZIDI

Usipojibiwa kwa wiki mbili, rudi kwa afisa utamaduni na nakala yako iliyopigwa muhuri, halafu tuma ujumbe ule ule kwa idara ya akiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ofisi hizi zina watu wachache na nchi kubwa. Kukumbusha si utovu wa adabu. Kila mvua kubwa ikipita, nenda ukapige picha nne zile zile kutoka pale pale, uandike tarehe. Kama ukingo umekatika zaidi, tuma picha mpya na za awali pamoja, maana mabadiliko ndiyo yatakayoharakisha safari yao.

Na usikate tamaa ikiwa kisukuku kimechukuliwa na bado husikii jina lolote likitangazwa. Mataya ya Simbakubwa, mla nyama mkubwa kupita simba wa leo, yalichimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, kati ya 1978 na 1980. Yalikaa ndani ya droo jijini Nairobi mpaka watafiti wawili walipoivuta, na maelezo yao yakachapishwa mwaka 2019. Kilichowawezesha kusema mnyama yule aliishi miaka milioni 22 hivi iliyopita ni kwamba ilijulikana mifupa ilichimbwa wapi. Basi daftari lako lenye mchoro na nukta za ramani nalo lihifadhi, mahali pakavu, na mtoto mmoja wa nyumbani ajue lilipo.